Waliofuatwa na Barabara



Anayesafiri katika barabara kuu za Tanzania huona alama ya X iliyopakwa rangi kwenye kuta za nyumba, maduka na vibanda vilivyo kando ya njia. Nyingine ni nyekundu, nyingine ni za kijani. Mpita njia hudhani kwamba zote zina maana moja, yaani nyumba itabomolewa. Mwenye nyumba anajua kwamba tofauti ni kubwa. X nyekundu maana yake amehesabiwa kuwa yeye ndiye aliyeifuata barabara: alijenga ndani ya hifadhi yake, naye ataondoka bila fidia. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyomfuata yeye, na kwa hiyo atalipwa fidia siku eneo lake litakapohitajika.

Kwa kusikia tu, mwenye X ya kijani ni mtu mwenye bahati. Haki yake imetambuliwa na ahadi amepewa. Lakini siku hiyo ya kuhitajika ni lini? Swali hili limeulizwa Bungeni mara nyingi na wabunge wa mikoa mbalimbali, na majibu yamekuwa ya namna moja: fidia italipwa wakati barabara itakapopanuliwa. Wapo waliozeeka wakisubiri wakati huo.

Katika tahariri hii tunapenda kuwatetea watu hao, na pamoja nao kila mtu ambaye mali yake imefungwa kwa kanuni ya Serikali bila kuchukuliwa na bila kulipwa. Tunasema wazi tangu mwanzo: kumzuia mtu asiitumie mali yake kwa muda usio na mwisho ni namna mojawapo ya kuitwaa, na anayetwaa hana budi kulipa.

Mita saba na nusu

Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Jumla yake ni mita 45. Sheria ya Barabara, Na. 13 ya mwaka 2007, iliongeza kipimo hicho kuwa mita 30 kila upande, yaani mita 60 kwa jumla. Hivyo mita 7.5 za upande huu na mita 7.5 za upande wa pili, ambazo jana zilikuwa uwanja wa mtu, jiko lake, duka lake au kaburi la wazazi wake, ziliingia hifadhini. Msomaji na apige hesabu: katika kila kilometa moja ya barabara, ukanda huo una ukubwa wa hekta moja na nusu. Sasa azidishe kwa urefu wa barabara zinazovuka nchi kutoka pwani hadi maziwa.

Hatuna ugomvi na barabara. Nchi isiyo na barabara pana haiwezi kusafirisha mazao yake, wala kumfikisha mama mjamzito hospitalini. Kando ya lami kunahitajika nafasi ya mabomba ya maji, nyaya za umeme na njia ya waendao kwa miguu. Nyumba iliyobanana na barabara ni hatari kwa wakaao ndani yake. Serikali iliyotazama mbele na kutenga eneo mapema ilifanya jambo la busara.

Ugomvi wetu ni juu ya nani anayeubeba mzigo wa busara hiyo. Barabara ni ya wote: ya mwenye lori, ya mfanyabiashara wa mjini, ya mtalii, ya mkulima wa mbali. Iweje basi gharama ya kulitunza eneo lake la kesho ibebwe na yule mmoja ambaye nyumba yake ilikuwapo karibu na njia?

Mzigo wa kusubiri

Tuutazame mzigo wenyewe. Mwenye X ya kijani hajafukuzwa. Analala ndani ya nyumba yake, na hati au barua yake ya kijiji bado imo sandukuni. Lakini akitaka kuongeza chumba kwa ajili ya mwana aliyeoa, haruhusiwi, kwa kuwa eneo hilo haliendelezwi tena. Akitaka kuuza, mnunuzi huitazama alama ukutani na kwenda zake, au hutoa bei ya kumdhihaki. Akitaka mkopo, ni benki gani itakayopokea kwa moyo mkunjufu dhamana ya nyumba iliyokwisha kuandikiwa kubomolewa? Mpangaji wa duka naye huhama kutafuta mahali ambapo hatashtukizwa na tingatinga. Mwenye nyumba akifariki dunia, watoto hurithi kitu kisichogawanyika wala kuuzika, na ugomvi wao huanza msibani.

Kwenye makaratasi hakuna aliyedhulumiwa. Serikali haijachukua kitu, hivyo haidaiwi. Mwananchi hajanyang'anywa kitu, hivyo hana la kudai. Lakini tuiulize dhamiri: mali ambayo huwezi kuiendeleza, huwezi kuiuza, huwezi kuiweka rehani, wala huwezi kuigawa kwa amani, umebaki na nini ndani yake isipokuwa wajibu wa kuilinda hadi mwenyewe atakapokuja kuichukua?

Wapo watakaosema kwamba sheria zetu tayari zinamlinda mwenye mali. Ni kweli, tena zinamlinda vizuri kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinafafanua yanayohesabiwa: thamani ya ardhi na majengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayolingana na kodi ya pango ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ilikwenda mbele zaidi. Inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Na miaka miwili ikipita bila malipo, uthamini ule umekufa na lazima ufanyike upya.

Hizo ni kanuni njema. Lakini zote zinaanza kuhesabu siku mthamini anapofika. Mwenye X ya kijani hajafikiwa na mthamini. Aliyemfikia ni mtu wa rangi tu. Kwake yeye saa haijaanza kwenda: hana miezi sita, hana riba, hana miaka miwili. Mali yake imefungwa kuanzia siku ya rangi, bali haki yake ya kulipwa itaanza siku isiyojulikana. Hapo ndipo penye ufa, na ufa huo unaweza kuzibwa na Bunge kwa kifungu kimoja.

Mahakama ilikwisha sema

Ibara ya 24 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya kuhifadhiwa mali hiyo kwa mujibu wa sheria, tena inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria iliyoweka masharti ya fidia inayostahili. Kwa muda mrefu wakuu wengi walidhani kwamba maneno hayo hayamhusu mkulima asiye na hati, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma na imo mikononi mwa Rais kama mdhamini.

Dhana hiyo ilipimwa mahakamani. Baba mmoja na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba katika wilaya ya Mbulu ya wakati ule, walifungua kesi mwaka 1987 kudai shamba lao la kimila, wakashinda. Rufani dhidi yao ilipokuwa ingali inasubiri kusikilizwa, ikatungwa Sheria Na. 22 ya 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyokwisha anzishwa, ikazuia fidia kwa waliopoteza, na kuwafungia mlango wa mahakama. Shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1994, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji wenzake.

Mahakama iliamua kwamba haki ya kimila ya kukaa na kutumia ardhi ni mali halisi inayolindwa na Katiba. Iliamua kwamba kuifuta bila fidia inayostahili ni kuvunja Katiba, na kwamba kumzuia mtu asiende mahakamani ni batili. Iliongeza kwamba hata pasipo na jengo, mtu aliyeitolea jasho ardhi yake anastahili kulindwa. Jaji Mkuu alitahadharisha kwamba ikiwa sivyo, wananchi walio wengi watakuwa kama wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Uamuzi huo ulihusu haki zilizofutwa kabisa. Swali lililobaki ni hili: je, haki isiyofutwa bali iliyofungwa? Nchi nyingine zimekwisha kulijibu. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema mwaka 1922 kwamba Serikali inaweza kuiwekea mali masharti, lakini masharti yakizidi mno yatahesabiwa kuwa ni utwaaji. Uingereza nayo, katika sheria yake ya mipango miji ya mwaka 1990, imempa mwenye nyumba silaha ya amani. Ikiwa nyumba yake imekosa soko kwa sababu imeangukia katika mpango wa barabara au kazi nyingine ya umma, naye amejitahidi kuiuza kwa bei ya haki akashindwa, anaweza kuiandikia mamlaka husika rasmi aitake iinunue. Hasubiri hadi barabara ije. Hatusemi tunakili sheria za watu. Tunasema kwamba jambo linalowezekana kwingine lisiitwe ndoto hapa kwetu.

Nyumba ni mshahara

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitoa fundisho ambalo kila mjenzi wa nyumba ya tofali moja moja analielewa bila kufundishwa. Mfanyakazi akijinyima, akaweka akiba, akanunua kiwanja, basi kiwanja kile ni mshahara wake uliobadilika sura. Anayekigusa kiwanja hicho amegusa mshahara. Wengi wa watu tunaowasema hawakujenga kwa urithi wala kwa mikopo. Walijenga msingi mwaka huu, kuta mwaka wa tatu, bati mwaka wa sita, kadiri bei ya kahawa, pamba au mahindi ilivyoruhusu. Ukuta uliopakwa rangi ni miaka ya kazi ya mtu.

Kanisa halifundishi kwamba mali ya mtu ni mungu mdogo asiyeguswa. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikumbusha kwamba vitu vya dunia vimekusudiwa kwa ajili ya watu wote, na kwamba haki ya kumiliki ina mipaka yake. Kwa hiyo mwenye shamba hawezi kusema barabara isipite kamwe. Lakini mafundisho hayohayo yanamwekea mpaka na yule mwenye mamlaka. Manufaa ya wote hayajengwi kwa kumfilisi mmoja. Yakijengwa hivyo, hayo ni manufaa ya wengi walio na nguvu dhidi ya mmoja asiye nayo.

Tukisoma habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, wengi wetu tunakumbuka damu yake na kuzisahau karatasi. Ahabu alianza kwa kutoa bei: shamba jingine lililo bora, au fedha taslimu. Nabothi alipokataa, Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia mhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Kikao kikaitishwa, mashahidi wakatafutwa, hukumu ikatolewa. Kila kitu kilikuwa na mhuri. Funzo lake kwetu ni kwamba mhuri peke yake haugeuzi dhuluma kuwa haki. Tena tuone jambo la aibu: hata Ahabu alianza kwa kutaja bei na kuahidi kulipa papo hapo.

Hoja za upande wa pili

Husemwa kwamba Serikali haina fedha za kuwalipa wote kwa mara moja. Huenda ni kweli. Lakini asiye na fedha za kununua hafungi mali ya mwenzake kwa kisingizio kwamba atanunua siku moja. Atanunua kidogo kidogo, mahali panapohitajika mapema, na kwingine ataachilia hadi apate. Kama mita 30 haziwezi kulipiwa, basi pale ambapo hakuna mpango wa ujenzi unaojulikana, watu waachwe waishi na waendeleze mali zao.

Husemwa pia kwamba watu ni wajanja. Hilo nalo tunalikiri bila kigugumizi. Tumeona jinsi watu wanavyopanda migomba usiku na kuinua vibanda vya wiki moja mara wasikiapo kwamba mradi unakuja. Kwenye maeneo ya migodi, kama vile Nyamongo, mchezo huo umepata hata jina: tegesha. Tegesha ni wizi, na anayetegesha anamwibia jirani yake mwaminifu, kwa kuwa ndiye anayewafanya maofisa wamshuku kila mtu. Lakini dawa ya tegesha ni uthamini wa mapema na malipo ya mapema. Ucheleweshaji ndio unaoipa nafasi.

Na wale wenye X nyekundu? Wapo waliojenga hifadhini wakijua, nao hatuwatetei. Lakini tahadhari inatakiwa. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976, Serikali yenyewe iliwahamisha watu na kuwapanga vijijini, na vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili viweze kufikiwa na huduma. Mtu aliyeletwa kando ya barabara kwa lori la Serikali, hawezi kuambiwa leo kwamba aliifuata barabara. Mwaka 2017, bomoabomoa kati ya Kimara na Kiluvya kwenye barabara ya Morogoro ilitufundisha jinsi kipimo kinavyoweza kuwashangaza watu: huko hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na wengi waliobomolewa walikuwa wameishi pale kwa miaka mingi. Kabla ya rangi nyekundu kupakwa, mwenye nyumba asikilizwe, na historia ya eneo isomwe.

Tunayoyaomba

Kwa unyenyekevu, lakini pia kwa uwazi, tunayaweka haya mbele ya Serikali na Bunge.

Kwanza, eneo lolote la mtu likiwekwa katika hifadhi, sheria itaje ukomo wa miaka. Ukifika ukomo huo, ama uthamini ufanyike na mtu alipwe, ama eneo liachiliwe na alama ifutwe.

Pili, mwenye mali iliyofungwa apewe haki ya kudai inunuliwe, asingojee mpaka mradi uanze.

Tatu, alama ukutani isiwe ndiyo taarifa. Mwenye nyumba apewe barua yenye jina la ofisi, tarehe, vipimo, kifungu cha sheria na mahali pa kukata rufani.

Nne, wakati wote wa kusubiri, mtu aruhusiwe kutengeneza paa linalovuja, kupanda mazao ya msimu na kuendelea na biashara yake, pasipo kutozwa faini.

Nanyi wenye mali mnao wajibu. Tunzeni hati, barua za mgao za kijiji, risiti za kodi, na picha za nyumba zenu. Mwaka mlioanza kukaa mahali hapo uandikwe, na majirani wazee waulizwe wangali hai. Msitie sahihi fomu ya uthamini ambayo hamkusomewa ikaeleweka. Msijenge mahali palipokwisha wekwa nguzo za mipaka ya hifadhi. Anayekusudia kuishtaki Serikali akumbuke kwamba sheria inamtaka kwanza atoe taarifa ya maandishi ya siku 90. Wengi wameshindwa kwa kutojua hilo tu. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo katika wilaya nyingi, na huduma yao ni bure. Kamati za Haki na Amani za parokia ziwatafute na kuwaalika.

Hatuwachochei watu wazuie barabara. Tunataka barabara zijengwe, na siku zinapofunguliwa, yule aliyehama azipite akiwa na nyumba nyingine ya kurudia jioni. Serikali inayolipa kwa wakati haipotezi heshima, bali inaongeza idadi ya watu walio tayari kuipisha.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika jumuiya yetu kuna familia ambayo nyumba au shamba lake limewekewa alama? Imesubiri tangu mwaka gani, na ilipewa maelezo gani kwa maandishi?

2. Ni mambo gani ambayo familia hiyo imeshindwa kuyafanya kwa sababu ya kusubiri? Nani mwingine ameathirika pamoja nayo?

3. Je, sisi wenyewe tumewahi kushiriki tegesha, au kuinyamazia? Tutafanya nini ili madai yetu ya haki yawe safi?